Kuni na Mishale

Asubuhi ya siku ile tuligombana kwa sababu ya koti. Kaka yangu Luhende alilinunua gulioni wiki iliyotangulia, koti jekundu la mtumba, zito, lenye vifungo vya shaba na maandishi mgongoni ambayo hakuna mtu kitongojini kwetu aliyeweza kuyasoma. Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufika kwa wingi huku kwetu upande wa Nkoma. Miaka michache nyuma tulipanga foleni kutwa kwa kipande cha sabuni, tukarudi na vumbi tu. Sasa maduka yalikuwa yamejaa ghafla, na Luhende, kijana wa miaka kumi na tisa, alichunga ng'ombe amevaa koti la nchi za baridi kwenye jua la kiangazi. Nilimwambia ataiva humo ndani. Akasema nina wivu, na nikimbembeleza vizuri ataniazima siku ya harusi yangu, kama atapatikana mwanamume asiyeogopa mdomo wangu. Mama akatuambia tunyamaze wote wawili, uji unapoa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Jina langu ni Minza, na mdomo wangu haujabadilika.

Mtu akiniambia kwamba sisi hatujui vita, namwacha amalize, kisha namuuliza alikuwa anaishi wapi. Siku hizo Simiyu ulikuwa mto tu, haukuwa mkoa, na kwenye bonde lake tulipigana kwa miaka. Walikuja watu wenye mishale, baadaye wakaja na bunduki, wakaswaga mifugo ya boma zima, na aliyesimama mbele yao alianguka. Sitasema walikuwa kabila gani. Walitoka pande nyingi, na wengine tulikuwa tunakula nao nyama gulioni. Jirani zetu wawili walihama wakaacha nyumba zao na mihogo ingali ardhini, hawakurudi tena. Kituo cha polisi kilikuwa mbali na barabara ilikuwa mbaya, kwa hiyo tulijilinda wenyewe. Kila kaya ilitoa mtu wa sungusungu, na kila mtu wa sungusungu alikuwa na upinde, mishale na filimbi.

Lakini silaha yetu kubwa ilikuwa koo. Kwetu kuna vilio viwili, na mtoto huvitofautisha kabla hajajua kuhesabu. Kuna kilio cha msiba, kinachoanza juu, kikashuka, kikavunjikia mwishoni. Ukikisikia unamaliza ulichokuwa unafanya, unafunika moto, unanawa uso, unajitanda khanga, na kama wewe ni mwanamke unajitwika mzigo wa kuni, maana nyumba ya msiba hupika sana. Unakwenda polepole. Kukimbia msibani ni kukosa adabu. Halafu kuna yowe tunaloliita mwano. Mwano unapanda, haushuki, unakatika ghafla, kisha unapanda tena. Ukiusikia unaacha hata tonge mkononi. Wanaume wanachukua mishale, wanawake wanachukua mchi au panga, na wote mnakimbilia ulikotoka huku mkiupokea na kuupiga nanyi, ili kijiji cha pili kisikie. Asiyekwenda anatengwa, hapewi moto wala haazimwi jembe. Anayeupiga bure anatengwa vilevile.

Alasiri ya siku ile nilikwenda lamboni kuchota maji. Luhende alikuwa ananywesha ng'ombe upande wa pili, koti lake likionekana kutoka mbali. Aliponiona akalifungua vifungo na kuzunguka mara moja, kunionyesha kwamba ndani pana kitambaa cha kung'aa. Nikamtolea ulimi.

Watu wanane walitokea kwenye kichaka.

Hawakukimbia. Walitembea kama watu waliokuja kuchukua chao. Mmoja alikuwa na bunduki.

Luhende akainua fimbo.

Mlio ulikuwa mmoja tu. Ng'ombe wakaruka, ndege wakaondoka majini, na kaka yangu akaketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Nilipomfikia walikuwa wameshaanza kuswaga. Risasi ilimpata pajani. Nikamvua koti nikamfunga nalo, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Kwa kuwa lilikuwa jekundu, sikuweza kuona damu imefika wapi.

"Piga yowe," akaniambia.

Nikasimama. Mikono yangu ikaenda kichwani. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilianza juu, kikashuka, kikavunjika.

Nilimlilia msiba naye angali hai.

Watu walisikia vizuri kabisa. Sijawahi kumlaumu yeyote. Walisikia kilio cha msiba upande wa lambo, wakafunika moto, wakanawa uso. Nililia tena na tena, na kila nilipolia niliwahakikishia kwamba hakuna haraka. Mtu wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, amejitanda vizuri, na mzigo wa kuni kichwani. Alimwona Luhende, akaniona mimi, akauachia mzigo ukaanguka.

"Minza," akasema, "mbona hukupiga mwano?"

Ng'ombe wetu wa kukokota walikuwa wameshaswagwa pamoja na wengine, kwa hiyo walimbeba Luhende juu ya kitanda cha kamba kumpeleka hospitalini Somanda. Alifariki kabla hawajaifikia barabara kuu. Wale watu walikuwa wameshavuka mto na ng'ombe wote.

Baada ya matanga sungusungu waliketi. Hoja ilikuwa mimi. Kupiga mwano bure ni kosa, hilo lilijulikana, lakini hakuna aliyejua hukumu ya mtu aliyepiga kilio kingine wakati wa mwano. Baba mdogo wangu, Njile, alisema jambo ni rahisi, niolewe mbali, maana hakuna atakayeweza kulala usingizi akijua lamboni yuko Minza. Watu wakaguna kukubali. Baba yangu alikuwa ameketi mbele, akitazama ardhi. Tangu tumzike Luhende alikuwa hajaniambia chochote isipokuwa niongeze chumvi au nifunge mlango. Afadhali angenipiga.

Ndipo Kabula akasimama. Kabula alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi kuliko mimi, mnusaji wa ugoro, na ndiye aliyekuwa akiwaongoza wanawake katika sungusungu. Mwano wake ulisikika hadi vijiji ambavyo hakuwahi kufika. Mumewe alirudi na homa kutoka vita ya Uganda, Kabula akamzika, na tangu hapo hakumwogopa mwanamume yeyote.

"Mnasema mtoto amekosea," alisema. "Nani alimfundisha akasahau? Wewe Njile, ulimfundisha?"

"Mwano nani asiyeujua?" Njile akajibu. "Kila mtu anausikia."

"Na upinde kila mtu anauona. Mbona vijana mliwaweka mwaka mzima mkiwafundisha kuvuta? Wavulana tuliwapa mishale, wasichana tukawapa ndoo. Halafu wezi wanakuja kwenye ndoo." Akapiga chafya ya ugoro, akajifuta kwa upindo wa khanga. "Nipeni huyu. Msimu mmoja. Akishindwa, mwozesheni hata kwa chura."

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichoniokoa. Kiongozi wa sungusungu akasema basi, iwe msimu mmoja, na mkutano ukaisha.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kwake. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, kama tunavyomwamkia mama.

"Mwangaluka. Umekula?"

"Sijasikia njaa."

"Sikukuuliza njaa," akasema, akaniwekea viazi mbele yangu, akaningoja nimalize.

Nilidhani atanipeleka kilimani nikapige mwano mpaka koo lipasuke. Hapo ndipo penye ugumu wote wa jambo hili, na mgeni huwa halielewi mpaka aelezwe. Mwano haufanyiwi mazoezi. Ukiupiga, hata kidogo, hata kwa kujaribu, vijiji vitano vinakimbia na silaha. Hakuna mtu aliyewahi kuupiga ila siku ya haja. Nilimuuliza Kabula nitajuaje kama ninauweza.

"Hutajua," akasema. "Tutakujaza vipande. Siku yake ikifika vitaungana vyenyewe, au havitaungana."

Mvua zilipokuja na mtama kuanza kuzaa, ndege wakashuka makundi makundi. Akanipandisha kwenye dungu, kile kichanja cha walinda ndege, katikati ya shamba lake. Siku za kwanza alinikataza kutoa sauti. Kazi yangu ilikuwa kusikia. Alikaa chini akipepeta au kuchambua, na ghafla ananiuliza: Nani anapasua kuni? Mbwa gani yule? Upepo unaleta au unapeleka? Nilikosea sana. Baada ya wiki mbili nilikuwa nawajua watu wa bonde zima kwa kikohozi.

Kisha akaniruhusu kufukuza ndege, na hapo alinifundisha pumzi. Alitaka sauti itoke chini ya kitovu, fupi, bila kukwaruza koo. Nikikwaruza ananirushia bunzi. Jioni niliita ng'ombe wake kwa majina kutoka ng'ambo ya bonde, na hakuniruhusu kwenda kuwachukua. Ilikuwa lazima waje kwa sauti tu. Jike lake moja la madoadoa lilikuwa kiziwi au kaidi, na kwa ajili yake nilijifunza kuelekeza sauti mahali pamoja badala ya kuimwaga kila upande. Mpaka leo nikimwita mtu sokoni Bariadi, wanageuka watu wa mtaa wa pili.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa mikono. Alikuwa amefikiri sana juu ya siku ile ya lamboni, kuliko hata mimi niliyeifikiria usiku na mchana.

"Ulishika nini?" aliniuliza.

"Kichwa."

"Basi. Mikono ikienda kichwani kifua kinafunga, na kinachotoka ni msiba. Ndivyo tulivyofunzwa tangu tukiwa mgongoni. Mikono yako ikishtuka ishike kitu. Mti, fimbo, jiwe, hata mwiba. Ukishika kitu kifua kinafunguka."

Tangu siku hiyo hakunipa raha. Nikiwa nasonga ugali anadondosha sufuria nyuma yangu. Nikiwa kwenye dungu anavuta nguzo moja kwa kamba. Siku moja alijificha kwenye mtama, mwanamke wa umri ule, akaibuka akilia kama fisi. Kila mikono yangu ilipokwenda kichwani, nilimchotea maji siku nzima. Nilimchotea maji mengi mno mwezi wa kwanza, hata majirani wakadhani ameanza kupika pombe. Mwezi wa pili yalipungua. Mwezi wa tatu alinirushia kuku usoni nikiwa nimesinzia, na nilipofumbua macho mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika nguzo ya dungu na mwingine umemshika kuku.

Alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo jingine alilonidai lilikuwa jina. Kila siku ilinilazimu kumtaja Luhende mara moja, na nisimtaje kwa kifo chake. Nimtaje kwa jambo alilofanya. Mwanzoni nilishindwa kulitamka, tukakaa mpaka jua likashuka, na hakuniruhusu kuondoka. Nikamwambia kuhusu koti. Kesho yake nikamwambia jinsi alivyojifanya anajua kusoma maandishi ya mgongoni, akawaambia wasichana kwamba yamesema yeye ni tajiri. Kabula alitaka mengi zaidi, na mimi nikagundua kwamba ninayo. Ilifika siku nikawa nakwenda shambani nikichagua njiani kisa cha kumpa. Sijui kama alijua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo. Nilimpenda kwa jambo hilo, na nilimwambia, akasema nichunge ndege.

Msimu ukaisha, mtama ukavunwa, na hakuna aliyesema kama nimefaulu au nimeshindwa, kwa kuwa hakukuwa na kipimo. Njile alikuwa ameshapata mchumba. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye wake wawili, na mahari ilikuwa inazungumzwa. Mimi nilijua kwamba jambo moja tu litaninusuru, na kulitamani ilikuwa sawa na kuwatamania wenzangu maafa. Nililitamani na kuliogopa kwa pamoja.

Ikafika pamba. Mwaka ule ndipo wanunuzi binafsi walipoanza kuja kwetu, baada ya miaka yote ya kuuza mahali pamoja. Habari zilienea kwamba mnunuzi amekuja na lori na mizani kwenye kijiji cha pili, ng'ambo ya kilima, na analipa papo hapo. Asubuhi ile kila mwanamume mwenye pamba alipakia mkokoteni, punda, baiskeli. Baba yangu alikwenda. Njile alikwenda. Hata wazee walikwenda kutazama tu mizani ya mtu binafsi ikoje. Kitongojini tulibaki wanawake, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa watoto.

Wale watu nao walikuwa wamesikia habari za lori.

Nilikuwa juu ya kilima cha mawe nikikata fito. Kabula alikuwa chini lamboni na wanawake wengine, wakifua.

Niliona vumbi kwanza, mahali pasipo na njia.

Wakatoka kumi na wawili, labda zaidi. Watoto wakatawanyika. Ng'ombe wa boma nne walikuwa wamekusanyika majini, na wale watu wakaanza kuwageuza kuelekea mtoni.

Kabula aliacha nguo akasimama njiani na fimbo ya kufulia.

Nilimwona akisema kitu. Kwa kumjua, lilikuwa tusi.

Mmoja akampiga rungu.

Akaanguka. Hakuinuka.

Mikono yangu ikainuka. Niliihisi ikipanda, ikapita mabega, ikifuata njia yake ya zamani.

Kando yangu palikuwa na mgunga. Nikashika tawi kwa mikono yote miwili.

Miba iliingia viganjani. Kifua kikafunguka.

Sikusikia nilichopiga. Nilihisi tu kwamba kinapanda, na kwamba hakishuki, na nikakikata.

Kisha nikanyamaza. Hilo nalo alinifundisha, kwamba mwano usiopokelewa haujapigwa, na huwezi kusikia anayepokea kama hujafunga mdomo. Nilisimama na miba mikononi nikasikiliza. Kulikuwa na upepo. Kulikuwa na ng'ombe wakilia chini. Mmoja wa wale watu alitazama juu, akanyoosha kidole nilipo.

Nikapiga tena, nikiuelekeza ng'ambo ya kilima, mahali pamoja, kama nilivyokuwa nikiliita lile jike kaidi.

Nikanyamaza.

Sauti ya bibi mmoja ikapokea. Nyembamba, ya mbali, lakini inapanda. Nyuma yake ikapokea nyingine. Halafu filimbi. Halafu nikasikia kitu ambacho sijasikia tena maishani, bonde zima likipanda kwa pamoja, kutoka kilima hadi kilima, wanaume na wanawake, vijiji ambavyo sikujua hata majina yake. Nililia machozi na nikaendelea kupiga.

Yaliyotokea kwenye mizani nilihadithiwa, na kila anayehadithia anaongeza. Wote wanakubaliana kwamba mnunuzi alikuwa na kipande cha chaki mkononi, akageuka kuandika, na alipogeuka tena hapakuwa na mtu kwenye foleni. Pamba ilikuwa imeachwa chini, nyingine juu ya mizani. Wanaume kama thelathini walikuwa wamepanda lori lake. Dereva alikuwa kijana wa mjini aliyekuja huku mara ya kwanza.

"Oya, wazee, vipi tena? Mnanipeleka wapi? Gari si yangu hii!"

"Utaelezwa njiani, mjomba," Njile akamwambia, akapiga paa la lori kwa upinde. "Mtoni. Kanyaga."

Alikanyaga. Baadaye alipenda sana kusimulia kwamba alikwenda vitani na marobota ya pamba.

Simiyu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, mpana, na ng'ombe wengi huchelewa kwenye mchanga. Wale watu walipofika ukingoni walikuta ng'ambo kumejaa watu. Wakageuka nyuma, wanawake wa kitongoji chetu walikuwa wanakuja na mapanga, na nyuma ya wanawake watoto na mawe. Bunduki yao ililia mara mbili, juu. Lori likatokea pembeni likipiga honi, na watu wakaanza kuruka kutoka juu ya marobota na pamba nyweleni. Hapo wezi walitupa kila kitu wakakimbia. Wawili walikamatwa, na kiongozi wetu wa sungusungu, ambaye naye alikuwa amemzika ndugu, akasimama mbele yao mikono wazi na kusema hakuna atakayewagusa, watakwenda polisi Bariadi wakiwa wazima. Walikwenda wakiwa wazima. Hata ndama mmoja hakupotea.

Mimi sikuona hayo kwa macho. Nilikuwa lamboni, nimekipakata kichwa cha Kabula.

Lori lililokuwa limeleta wapiganaji ndilo lililompeleka hospitalini, juu ya pamba, na mimi kando yake. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na kichwa kimepasuka. Tulipofika karibu na Somanda akafumbua jicho moja.

"Nilidhani utanililia," akasema.

"Nilitaka."

"Ungenililia ningekufa kwa hasira." Akafumba, akafumbua tena. "Kile kilio chako kitunze. Iko siku nitakihitaji. Nawe ndiye utakayekipiga, maana wanangu wako mbali na hawana koo."

Baba alikuja hospitalini jioni kwa baiskeli. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia mkononi. Akaitazama mikono yangu iliyofungwa bandeji.

"Nilikuwa kwenye foleni," akasema. "Niliposikia tu, nikawaambia watu, huyo ni Minza wangu."

Akaketi kwenye benchi karibu nami, bega kwa bega, na tukakaa hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiangazi kilichopita. Ya mchumba wa mbali hayakutajwa tena, na Njile alipokuja kesho yake alileta kuku wawili na kunipigia goti, kwa mzaha, lakini alipiga. Kijijini walinichezea ngoma siku mbili. Kijana aliyenioa baadaye alikuwa mmoja wa waliokuwa juu ya lori, naye husema alinipenda sauti kabla hajaniona uso, na kwamba alipouona uso alikuwa ameshachelewa kubadili mawazo.

Lakini ushindi ule ulinipa pia kitu ambacho sikukiomba. Ulinipa kipimo. Nilijua sasa kwamba kutoka mwano hadi mtu wa kwanza kunifikia, damu ya viganja vyangu ilikuwa haijakauka. Kabla ya hapo niliweza kujiambia kwamba hata ningepiga ipasavyo wasingewahi. Sasa nilijua kwamba wangewahi. Nilimwambia Kabula, yeye akiwa bado na bega lililofungwa. Nilitaka aniambie kwamba si kosa langu, kama kila mtu alivyokuwa akisema.

"Wangewahi, ndiyo," akasema. "Labda angepona, labda asingepona, mguu ule ulikuwa mbaya. Sitakudanganya. Lakini sikiliza. Siku ile mimi nilikuwa nimeujua mwano kwa miaka ishirini na zaidi, na sikuwa nimemfundisha msichana hata mmoja. Ukibeba la kwako, niachie na mimi langu nibebe. Usinibebee."

Tulibeba hivyo, kila mtu lake, na halikutuvunja.

Kabula alipona, bega likabaki limeinama kidogo. Msimu uliofuata alinikabidhi wasichana sita, akisema amechoka kupanda dungu. Niliwafundisha kusikia, pumzi, majina ya ng'ombe, mikono. Niliwaonyesha makovu ya mgunga viganjani, ambayo bado ninayo. Niliwarushia kuku. Mmoja wao aliupiga mwano miaka miwili baadaye, kwa haja, na ukapokelewa. Wengine hawakuupiga kamwe, kwa sababu vita ile ilififia taratibu, watu wakarudi kwenye mashamba waliyoyaacha, na nikashukuru Mungu kwa kila msichana niliyemfundisha jambo ambalo hakulihitaji. Hakuna aliyejifunza bure. Binti mmoja ni muuguzi sasa, na anasema wodini, mambo yakiharibika, yeye hushika reli ya kitanda kwanza ndipo aongee.

Siku hizi ninaishi Somanda, nina duka la vitenge, na kelele za bodaboda zingemkera Kabula mpaka angezijibu. Koti la Luhende ninalo. Mama alilifua mara nyingi, lakini pindo la chini limebaki jeusi. Mwanangu mkubwa alipojifunza Kiingereza nilimpa ayasome yale maandishi ya mgongoni. Akasema ni jina la timu ya mpira ya shule moja huko Ulaya. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa Luhende angesema mtoto amesoma vibaya.

Kabula alifariki kwake, kitandani kwake, mzee, bila maumivu, asubuhi wakati nikimpa uji. Alikuwa ananiuliza kama upepo unaleta au unapeleka. Nilimwambia unapeleka. Nikamfumba macho, nikatoka nje hadi katikati ya uwanja.

Hapakuwa na haraka yoyote. Nikaweka mikono kichwani, nikalia kile nilichokuwa nimemtunzia, kikaanza juu, kikashuka, kikavunjika. Kisha nikanyamaza na kusikiliza. Nyumba moja baada ya nyingine watu walifunika moto, wakanawa uso. Wakaja polepole, wamejitanda, na wanawake walikuwa na kuni vichwani.